Coner, Giuliano, Heemskerck au Vignola? Michoro ya mabaki ya nguzo za Kirumi, uchukue ipi

Kuna fundi wa jipsamu namfahamu, kazi yake safi kabisa, alipewa oda ya nguzo nne za baraza na mteja aliyetaka za Kirumi za ukweli. Akaingia mtandaoni akapata mchoro wa wino wa miaka karibu 500 iliyopita, kichwa cha nguzo kimelala chini kimevunjika pembe moja, mzuri mpaka unatamani uuweke ukutani, akauprinti, akaweka rula juu yake, akapima, akazidisha, akatengeneza moldi. Vichwa vikatoka vimebinuka, majani ya upande mmoja mapana ya upande wa pili membamba, na ile bapa ya juu imekuwa kama sahani. Fundi hakukosea kupima. Aliyechora alikuwa amekaa chini karibu na jiwe anachora anavyoliona, cha karibu kikubwa, cha mbali kidogo, hakuwahi kufikiria kuna mtu atakuja kuweka rula.

Sasa tangu siku hiyo watu wananiuliza, kama nataka kujifunza nguzo za Kirumi kwa michoro ya wale jamaa wa Renesansi, yaani Italia ya miaka ya 1400 na 1500, nianze na ipi, maana ukitafuta inakuja mamia kwa mamia na yote inaonekana ya maana. Mi kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, na miaka kadhaa sasa usiku nikimaliza kazi za watu nakopi hii michoro kwa penseli, kwa hiyo ntaongea nilichokiona kwa mkono wangu. Ntalinganisha minne mikubwa: Kodeksi Coner (kodeksi ni kitabu cha mkono), Giuliano da Sangallo, Heemskerck, na vitabu vya chapa vya wasanifu Waitaliano, yaani Serlio, Vignola na Palladio. Mingine ipo, ntaigusa kidogo.

Kwanza tuelewane ni vitu gani vinachorwa. Nguzo ina kichwa, mwili na kitako, halafu juu ya kichwa inakuja ile mihimili ya tabaka tatu, arkitrevu, frizi na kornisi. Na nguzo zina mitindo, mitatu mikubwa ni Kidoriki chenye kichwa cha kawaida tu, Kiionia chenye kichwa cha misokoto, na Kikorintho chenye kichwa cha majani. Roma ya mwisho wa miaka ya 1400 na mwanzo wa 1500 hivi vitu vilikuwa vimetapakaa, kichwa kiko shambani, kitako kimezikwa nusu, kipande cha kornisi kimejengewa kwenye ukuta wa nyumba ya mtu. Na vilikuwa vinaisha. Sisi pwani chokaa tulikuwa tunachoma matumbawe, kule Roma walikuwa wanachoma marumaru, yaani kichwa cha nguzo kilichochongwa majani kwa miezi kinaingia tanuruni kinatoka chokaa ya kupigia lipu. Kwenye barua aliyoiandika mchoraji Raffaello akisaidiwa na mwandishi Castiglione kwenda kwa Papa Leo wa 10, mnamo 1519, analalamika kwa uchungu kabisa ni chokaa kiasi gani imetengenezwa kwa sanamu na mapambo ya kale. Kwa hiyo hawa wachoraji walikuwa wanakimbizana na tanuru, na mimi kila nikiangalia karatasi zao hilo ndo nalikumbuka kwanza.

Barua hiyohiyo ndo inatupa kipimo cha kuchagulia. Raffaello anasema msanifu achore vitu vitatu, plani, mwonekano wa nje, na mwonekano wa ndani, na asitumie pespektivu, yaani ile ya cha karibu kikubwa cha mbali kidogo, kwa sababu mstari uliofupishwa na jicho hauwezi kumpa kipimo cha kweli. Msanifu Alberti alishasema kitu kama hicho zamani kidogo, kwamba mchoraji picha anatafuta kivuli na kina, msanifu anatafuta pembe na urefu wa kweli. Yaani kosa la fundi wangu lilishaonywa karne kadhaa kabla hajazaliwa. Kwa hiyo swali la kwanza kabla hujadownload chochote: unataka kuona, unataka kupima, au unataka kanuni ya kujengea? Mchoro mmoja unaotoa vyote vitatu ni nadra sana, na ule unaokaribia ntakwambia.

Kodeksi Coner

Ndo hii. Daftari dogo, iko London kwenye jumba la makumbusho la Sir John Soane, Soane aliinunua 1818, kabla yake ilikuwa mali ya ukoo wa Adam, wasanifu wa Uskoti. Jina la Coner limetokana na padri Mjerumani Andreas Coner aliyekuwa Roma, maana ndani kuna nakala ya barua yake ya 1513, na Thomas Ashby alipoichapisha yote 1904 aliamini yeye ndo mchoraji. Baadaye, 1975, Tilmann Buddensieg akaonyesha kwamba mkono ni wa Bernardo della Volpaia, Mflorentina wa ukoo uliojulikana kwa kutengeneza saa, na mi ukiniambia hivyo naamini mara moja maana ukiangalia ile mistari unaona kabisa mtu aliyezoea vitu vya kukaa sawasawa. Michoro yenyewe inawekwa kama 1513 hadi 1515.

Uzuri wake wa kwanza ni mpangilio. Hajapanga kwa mitaa ya Roma wala kwa siku alizotembea, amepanga kwa aina. Plani pamoja, majengo mazima pamoja, halafu kornisi na mihimili pamoja, vichwa pamoja, vitako pamoja. Ukifungua kurasa za vitako unakuta kimoja baada ya kingine kimekatwa, unaona mara moja huyu kavimba zaidi, yule mfereji wa katikati umezama zaidi, na jicho linajifunza lenyewe bila mtu kukuelezea.

Wa pili ni namna ya kuchora. Anakata ule ukingo kwa kisu kama unavyokata mkate, unaona profaili ya kweli bila kupinda, ile ndo ya kupima. Halafu kutokea kwenye huo mkato anaendeleza jiwe linaenda nyuma kidogo na kivuli cha wino uliozimuliwa kwa maji, ili uone kwamba hapa kuna majani, hapa kuna mapambo ya umbo la mayai, hapa ya vimeno. Kwa hiyo unapata kipimo na unapata sura, kwenye mchoro mmoja, na kimoja hakiharibu kingine. Sijaona mwingine wa wakati ule aliyelipata hili vizuri hivi.

Wa tatu ni namba. Zimeandikwa palepale kwenye jiwe. Anatumia mkono wa Florence, braccio, ambao ni kama sentimita 58.4, umegawanywa dakika 60. Sasa piga hesabu, dakika moja inakuja karibu sana na sentimita moja, kama 0.97. Mi nilipogundua hilo nilifurahi siku nzima, maana unaweza kusoma namba zake karibu kama sentimita wakati unaskechi, halafu ukirudi mezani ndo unarekebisha.

Na shahidi mkubwa wa hii kodeksi ni Michelangelo. Alipokuwa anaingia kwenye usanifu katikati ya miaka ya 1510, ile wakati wa fasadi, yaani uso wa mbele, ya kanisa la San Lorenzo aliyopewa 1516, alikaa na haya makaratasi akayakopi kwa chaki nyekundu, na kopi zake zipo Casa Buonarroti kule Florence na nyingine British Museum. Angalia alichokifanya. Profaili kachukua. Ile sehemu ya pespektivu kaiacha kwa kiasi kikubwa, na namba nyingi kaziacha, alichokuwa anakitafuta ni mstari unavyoingia na kutoka. Ukiziweka mbili kwenye skrini, Coner kushoto na Michelangelo kulia, ni darasa kamili, mimi nakushauri ufanye hivyo kabla hujafanya kitu kingine chochote.

Kasoro ipo na nisiifiche. Hii daftari ilipita mikononi mwa Cassiano dal Pozzo, mkusanyaji wa michoro, miaka ya 1600 na kuna karatasi ziliongezwa wakati huo, kwa hiyo usidhani kila ukurasa ni wa Bernardo. Pia ndani kuna majengo mapya ya wakati wake, kwa mfano lile hekalu dogo la duara la msanifu Bramante pale San Pietro in Montorio, limechorwa kwa heshima ileile kama la kale, na kama hujui unaweza kuchukua kitako cha Bramante ukasema ni cha Kaisari. Soma maelezo ya kila karatasi kwanza.

Giuliano da Sangallo

Huyu ni mzee wao. Kazaliwa mnamo 1445, kafa 1516, na kitabu chake kikubwa kiko maktaba ya Vatikani, namba yake Barberini latino 4424, ukurasa wa mwanzo umeandikwa kwamba kilianzwa 1465 ingawa michoro imejazwa miaka na miaka. Ni ngozi iliyolainishwa na siyo karatasi, na ukubwa wake karibu sentimita 45 kwa 39, yaani hicho siyo kitu cha kubeba mfukoni kwenye magofu, ni kitabu cha kuonyesha, cha kurithisha. Na kilirithiwa kweli, mwanaye Francesco kaongeza maandishi na michoro yake humo.

Uzuri wa Giuliano unakuja na hatari yake na zote zimekaa sehemu moja. Hapendi jiwe libaki limevunjika. Akikuta nusu anaimalizia, akikuta tao limepoteza juu analipa juu mpya, na anafanya kwa ujuzi mkubwa mpaka huoni mshono. Kwa mtu anayetaka mawazo ya mapambo, vichwa vya nguzo vya ajabu ajabu vyenye wanyama na nyuso, hapa ni shamba. Kwa mtu anayetaka kujua jiwe lilikuwaje siku ile alipoliona, inabidi uwe na mchoro wa pili wa jiwe hilohilo ulinganishe. Halafu siyo yote aliyaona kwa macho, mle kuna hekalu la Parthenon la Athene ambalo kalichukua kutoka michoro ya Ciriaco d'Ancona, msafiri aliyefika kule kabla yake, na inafanana na Parthenon kama vile mtu aliyesimuliwa.

Lakini usimtupe. Kuna vitu kaviona yeye vikiwa bado vimesimama, sehemu ya Kidoriki ya Basilika Aemilia, ukumbi wa kale pale Forumu, uwanja mkuu wa Roma, ni mojawapo, na baada ya hapo vikabomolewa kwa ajili ya mawe. Kwa vitu hivyo mchoro wake ndo jiwe lenyewe lililobaki. Na ana daftari la pili dogo, liko maktaba ya Siena, la kubeba mfukoni, hilo lina vipimo na ni kavu zaidi, na kwa maoni yangu mtu anayetaka kupima aende Siena aache Barberini kwa siku ya kufurahisha macho.

Heemskerck

Maarten van Heemskerck ni Mholanzi, mchoraji picha, kafika Roma 1532 kakaa mpaka 1536 au 1537. Michoro yake mingi iko Berlin kwenye albamu mbili. Huyu hapimi. Sijui niseme vipi ili ueleweke, huyu anakaa. Anakaa chini, jicho liko usawa wa magoti, mbele yake kitako cha nguzo kimepinduka, nyuma yake majani yameota, nyuma zaidi nguzo tatu zimesimama peke yake, na wino wake mistari mifupi mifupi inayofuata mzunguko wa jiwe mpaka unahisi ubaridi wake.

Kama fundi wangu angeniuliza kabla, ningemwambia Heemskerck ni wa kuangalia. Ila kuna mambo yeye tu ndo anakupa. Kuvunjika. Anakuonyesha marumaru inavyomeguka, ukingo wa jani unaondoka wa kwanza, zile ncha nne za bapa ya juu kwenye kichwa cha Kikorintho zinafuata, ndo maana vichwa vingi unavyoviona makumbusho havina pembe. Anakuonyesha jiwe liko wapi, limezikwa kiasi gani, kuna nini pembeni. Bernardo wa Coner kalitoa jiwe mahali pake kaliweka kwenye karatasi nyeupe, ukimaliza kusoma hujui lilikuwa juani au kivulini.

Na kuna Septizodiamu. Ilikuwa ukuta wa nguzo za ghorofa tatu mguuni pa kilima cha Palatino, Papa Sixtus wa 5 akaibomoa 1588 na 1589 mawe yakaenda kwenye miradi yake. Heemskerck kaichora ikiwa imesimama. Mi ule mchoro nikiuangalia siwezi kuufunga haraka.

Chukua Heemskerck kama wewe ni msanii, mpiga picha, mtu wa grafiki, mwalimu anayetaka wanafunzi waone Roma ilivyokuwa. Kama una oda ya kujenga muweke pembeni kabisa.

Vitabu vya chapa: Serlio, Vignola, Palladio

Hapa watu wengi ndo wanapoanzia kwa sababu skani ziko bure kila mahali na ziko safi. Ila hivi vitatu havifanani hata kidogo, na ili uone tofauti nachukua sehemu moja tu, Thieta ya Marcellus, ile ya wakati wa Kaisari Augusto, iliyokuwa na nguzo za Kidoriki chini na za Kiionia juu. Wakati ule ghorofa ya chini ilikuwa imefukiwa nusu na kwenye matao kuna maduka. Karibu kila mchoraji kapita hapo kwa sababu ndo palikuwa mahali pa kuona Kidoriki cha Kirumi kilichosimama.

Serlio anaiweka kwenye Kitabu cha Tatu, Venice 1540, chapa za mbao. Na anasimulia alivyoiona, kwamba walikuwa wanachimba msingi wa nyumba ya watu wa ukoo wa Massimi juu ya sehemu ya ile thieta, msanifu akiwa Baldassarre Peruzzi, vikatoka vipande vingi vya kornisi, Peruzzi akapima kwa makini mpaka akaelewa plani nzima, na Serlio alikuwepo Roma akapata nafasi ya kupima pia. Hiyo ni habari tamu sana, mtu anakwambia jiwe lilitoka shimoni vipi. Halafu baada ya kupima anasema waziwazi kwamba kornisi hiyo imetoka nje ya mafundisho ya Vitruvius, msanifu wa Kirumi aliyeandika kitabu cha usanifu, na anaikosoa. Kwa hiyo kwa Serlio unapata kipande, kisa chake, na hukumu. Chapa za mbao ni nene, profaili zimekuwa butu, ukikuza unaona ubao na siyo marumaru, ila ni mwalimu mzuri anayeongea.

Vignola anachukua thieta hiyohiyo mwaka 1562, chapa za bamba la shaba, mistari mikali kama wembe, bamba 32 tu. Anakwambia Kidoriki chake kakitoa pale. Lakini kwenye utangulizi anasema palipokuwa na kiungo kidogo ambacho hakikubali hesabu, jambo linalotokea kwa sababu ya wachonga mawe au ajali nyingine, kakirekebisha kifuate kanuni. Na kakipa kitako. Nguzo za Kidoriki za Marcellus hazina kitako, zinatoka sakafuni moja kwa moja, na hilo ni jambo kubwa sana siyo la kupita hivihivi, maana mtu akijifunza kwa Vignola peke yake anaweza kuishi maisha yake yote anadhani Warumi waliweka kitako pale.

Lakini sikia, kwa kujenga hakuna anayemfikia. Haongei mkono wala shibiri wala futi ya mji wowote, anaongea moduli, yaani nusu ya kipenyo cha nguzo chini. Kidoriki nguzo moduli 16, Kiionia 18, Kikorintho 20. Mihimili ya juu ni robo ya nguzo, na ile meza ya chini inayobeba nguzo kama ipo ni theluthi. Kwa hiyo una urefu wa kwenda juu wa baraza lako, unagawa kwa 19, sehemu 4 za meza, 12 za nguzo, 3 za mihimili ya juu, basi. Nguzo ikiwa mita 3 Kikorintho moduli yake ni sentimita 15, kipenyo 30, umemaliza. Fundi hana haja ya kujua Kiitaliano. Ndo maana kitabu hiki kimetumika karne kwa karne na shule kwa shule. Bei ya urahisi huo ni kwamba ndani yake hakuna jiwe hata moja lililovunjika, kuna kanuni iliyotengenezwa kutokana na mawe.

Palladio, 1570, Venice, Kitabu cha Nne ndo cha mahekalu. Anakaa katikati ya hao wawili. Kila hekalu lina vipimo vyake kwa futi ya Vicenza, kama sentimita 35.7, inchi 12 na kila inchi dakika 4, na profaili zimekatwa vizuri zikiwa zimekaa pembeni ya kichwa na kitako cha jengo hilohilo, kwa hiyo vinalingana. Ila anajenga upya. Hekalu lililobaki na nguzo chache analisimamisha lote na paa na sanamu juu. Mahali anapokuwa wa lazima ni kama lile hekalu kwenye Forumu ya Nerva, yeye kalichapa likiwa bado na uso wake, na 1606 Papa Paulo wa 5 akalibomoa akachukua marumaru kwa ajili ya chemchemi yake. Pia michoro yake ya mkono, ile ya kabla ya kitabu, iko London kwenye mkusanyo wa RIBA, chama cha wasanifu wa Uingereza, mingi yake msanifu Mwingereza Inigo Jones alirudi nayo kutoka Italia, na hiyo ya mkono ina ukweli zaidi kuliko chapa. Ukiweza kuiona acha kitabu.

Mingine niipitie haraka. Antonio da Sangallo Mdogo, mpwa wa Giuliano, makaratasi yake yako jumba la Uffizi kule Florence mengi sana, ana plani, elevesheni na sekisheni safi kuliko wote, na pembeni anaandika maneno, anabishana na mawe, hata Pantheoni, lile hekalu kubwa la kuba pale Roma, anaikosoa. Ni hazina ila mwandiko wake utakupa kazi na karatasi ziko mojamoja hazina mpangilio, siyo mahali pa kuanzia. Kodeksi ya Escorial, Hispania, ya watu wa karibu na mchoraji Ghirlandaio wa Florence, ina vichwa na mandhari, nzuri kwa macho, kama unaipenda Heemskerck utaipenda.

Sasa uchague

Mwanafunzi wa usanifu anayetaka mkono wake uzoee, aende Coner moja kwa moja. Usikopi ukurasa mzima. Chukua kitako kimoja cha aina ya Kiatiki, bapa ya mraba chini, uvimbe mkubwa, korongo, uvimbe mdogo, halafu mwili unaanza, uchore mara ishirini mpaka ule mpito kutoka uvimbe kuingia korongo uje bila kufikiri. Tumia penseli ngumu kwanza bila kukandamiza. Wao walikuwa wanapitisha ncha ya chuma isiyo na wino, inaacha mfereji mkavu kwenye karatasi, wino unakuja baadaye, na kwenye skani nzuri ukikuza utaiona ile mistari mikavu na vitundu vya bikari.

Mwenye oda na mteja anasubiri, Vignola, bila maneno mengi. Ila akimaliza kuhesabu afungue Coner aangalie profaili ya kweli ya kitu hichohicho, maana Vignola duara lake ni la bikari na jiwe la Kirumi mara nyingi siyo la bikari, limeshuka kidogo, limebonyea kidogo, kivuli kinakaa tofauti.

Anayeandika historia au anayefundisha asichague mmoja. Achukue jengo moja, Marcellus mfano, aweke Serlio, Vignola na karatasi moja ya Antonio pembeni, tofauti zitaongea zenyewe.

Msanii, nimeshasema, Heemskerck, na Giuliano kwa ajili ya mapambo.

Kuhusu vipimo naomba uwe makini kwa sababu hapa ndo watu wanapotea. Ukiona namba usikimbilie kuzidisha, tafuta kwanza ni kipimo cha mji gani. Palmo ya Roma ni kama sentimita 22.3, hiyo ni shibiri yetu kabisa, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, imegawanywa onsi 12 na dakika 60. Braccio ya Florence ni mkono, 58.4. Futi ya Vicenza 35.7. Na Warumi wenyewe waliochonga walitumia futi ya karibu 29.6, kwa hiyo namba zenye mkia mrefu kwenye karatasi ya Bernardo mara nyingine ukizigeuza kuwa futi ya Kirumi zinatoka namba nzima. Mfano mzuri ni miili ya nguzo za mbele ya Pantheoni, zile 16 za jiwe moja moja, urefu wake ni kama mita 11.8, ukigawa unapata futi 40 kamili. Ukiona hivyo unajua umeshika kipimo alichokishika mchongaji.

Yule fundi nilimpa Vignola akamalizia oda ya mteja wake, vichwa vikakaa sawa. Halafu nikamwonyesha ukurasa wa vitako vya Coner kwenye simu, akakaa kimya muda, akaomba nimprintie profaili moja kwa ukubwa halisi. Michelangelo naye alikuwa anakata profaili zake kwenye karatasi awape wachonga mawe, baadhi zipo mpaka leo Casa Buonarroti, lakini huyu mimi sikumwambia hilo, alifanya tu kwa sababu kazi yake ndo inavyofanyika. Akaibandika ile karatasi kwenye kipande cha bati, akakata kwa mkasi, akapiga msasa ukingo, akaburuta kwenye jipsamu mbichi juu ya benchi. Mara ya kwanza ikachanika kwenye korongo. Mara ya tatu ikatoka nzima, akaisogeza dirishani, akawa anaigeuza taratibu kuona kivuli kinapokaa.